Gari Dogo Linakula Kiasi Gani? Jinsi ya Kupima Ulaji wa Mafuta na Kuupunguza

Swali ni lilelile kila wiki: "Nimenunua Vitz, nikaambiwa lita moja inakwenda kilomita 22, mbona yangu haifiki hata 13? Fundi anasema nibadilishe plagi zote."

Kabla hujatoa hata shilingi, jua kwamba mara nyingi gari halina ugonjwa wowote. Kilichokosewa ni namba uliyopewa, au namna ulivyopima, au vyote viwili. Mwongozo huu ni wa magari madogo ya petroli yaliyotumika Japani, yale yaliyojaa barabarani kwetu: Vitz, Passo, IST, Demio, Fit, March na wenzao. Utapima kwanza, kisha ndipo utafute cha kurekebisha, na utarekebisha kitu kimoja kwa wakati.

Ile namba ya 22 ilitoka wapi

Ilitoka maabara. Magari ya Japani ya miaka ya 2000 yalipimwa kwa utaratibu unaoitwa 10-15: gari liko juu ya rola, magurudumu yakizunguka papo hapo, injini imeshapata moto, AC imezimwa, safari nzima ni kilomita 4.16, wastani wa mwendo ni kilomita 22.7 kwa saa na spidi ya juu kabisa ni 70. Mwaka 2011 ulianza kutumika utaratibu wa JC08, ambao ni mgumu kidogo kwa sababu sehemu yake huanza injini ikiwa baridi, lakini nao ni wa kwenye rola. Hakuna mlima wa Kitonga, hakuna matuta, hakuna abiria wanne na magunia mawili ya mchele kwenye buti.

Kwa matumizi ya kwetu, gari lisilo na ubovu lenye injini ya cc 1000 litegemee kilomita 10 hadi 13 kwa lita kwenye foleni za mjini, na 16 hadi 19 barabara kuu kwa mwendo wa 80 hadi 90. Kwa cc 1300, toa kilomita 1 au 2 kila upande. Kwa cc 1500, mjini 8 hadi 11, barabara kuu 13 hadi 16. Ukiwa ndani ya viwango hivi, gari lako linafanya kazi yake. Ukiwa chini ya hapo kwa zaidi ya kilomita 2, na umepima kwa njia iliyoelezwa hapa, hapo kuna jambo la kutafuta.

Andaa vitu hivi

- Daftari dogo na kalamu, vikae ndani ya gari siku zote. Simu nayo inafaa, ila daftari halizimiki chaji kwenye sheli.
- Kipima upepo cha matairi cha kwako mwenyewe. Vile vya kwenye vituo vya kujazia upepo huanguka chini mara ishirini kwa siku, usiviamini.
- Simu yenye GPS na programu yoyote inayohesabu umbali.
- Risiti za mafuta. Dai kila mara, kwa sababu lita zimeandikwa humo.
- Si lazima, ila husaidia sana: kifaa cha ELM327 cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani ili usome taarifa za kompyuta ya gari, pamoja na programu yake ya simu. Angalizo: baadhi ya magari ya soko la Japani ya kabla ya 2008 hivi hayaelewani na vifaa hivi, au yanatoa taarifa chache. Kopa cha rafiki ujaribu kabla ya kununua.

Hatua ya 1: Ijue injini yako

Watu wengi wanalinganisha gari lao na la jirani bila kujua kwamba ni injini mbili tofauti ndani ya bodi moja. Soma namba ya modeli kwenye kibati cha gari, au angalia cc kwenye kadi ya gari. Kwa Vitz ya 2005 hadi 2010: KSP90 ni cc 1000 ya pistoni tatu (1KR-FE), SCP90 ni cc 1300, NCP91 ni cc 1500. Toleo lililofuata ni KSP130, NSP130 na NCP131 kwa mpangilio huohuo. Passo ya kwanza: KGC10 ni cc 1000, QNC10 ni cc 1300. IST ya kwanza: NCP60 ni 1300, NCP61 ni 1500.

Hatua ya 2: Weka upepo sawa kabla ya kupima

Fungua mlango wa dereva, tafuta stika kwenye nguzo ya mlango. Imeandikwa upepo kwa kPa: 220 ni PSI 32, 230 ni PSI 33, 240 ni PSI 35. Pima asubuhi gari likiwa halijatembea, kwa sababu tairi likishapata joto upepo hupanda kwa PSI 3 au 4 na utadhani umezidisha. Kosa la kawaida ni kupima ukitoka safari, ukapunguza, kisha asubuhi matairi yako chini ya kiwango.

Usisome ile PSI 44 au 51 iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ukadhani ndiyo ya gari lako. Hicho ni kiwango cha mwisho cha tairi lenyewe. Kuongeza PSI 2 juu ya stika hakuna ubaya. Kuongeza 10 ni kudhoofisha breki kwenye lami yenye maji na kumaliza tairi katikati.

Hatua ya 3: Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe

Nenda sheli unayoiamini, gari lisimame sehemu tambarare. Mwambie mhudumu ajaze kwa kasi ya kati na aache pampu inapojikata mara ya kwanza. Asiongeze hata tone "ili kufikisha namba nzima". Mafuta yakizidi hapo huingia kwenye bomba la mvuke na kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli. Kopo likilowa, gari huanza kusumbua kuwaka baada ya kujaza, na vipimo vyako navyo vinaharibika.

Andika namba ya odometa (kilomita zote gari lilizotembea) yote, kwa mfano 118,240. Rudisha tripu kwenye sifuri kama unapenda, lakini andika odometa pia, maana tripu hufutwa kwa bahati mbaya.

Hatua ya 4: Endesha kama kawaida na uandike kila tone

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wananunua mafuta ya elfu kumi kumi. Hakuna shida. Unaweza kununua kidogokidogo mara saba, mradi kila risiti iingie daftarini kwa LITA, wala si kwa shilingi. Bei hubadilika: Tanzania, mamlaka ya nishati EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na Kenya mwenzake EPRA hufanya hivyo kila tarehe 14. Ukihesabu kwa pesa, mwezi bei ikipanda utasema gari limeanza kula.

Usiendeshe kipimo chako kwa mshale wa geji. Geji za magari haya hazishuki sawasawa: nusu ya kwanza hukaa sana, nusu ya pili hukimbia. Tangi la Vitz ni lita 42, lakini mshale ukiwa katikati haimaanishi zimebaki 21.

Usisubiri taa ya mafuta ikuwakie kila mara. Pampu ya petroli iko ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yaliyoizunguka. Ukizoea kutembea na taa inawaka, unaiua pampu taratibu. Ikibaki robo, kajaze.

Hatua ya 5: Jaza tena, fanya hesabu

Rudi sheli ileile, na ikiwezekana pampu ileile, gari likiangalia upande uleule. Jaza mpaka ijikate mara ya kwanza. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zote ulizoweka tangu kujaza kwa kwanza, zikiwemo hizi za sasa. Zile lita za kujaza kwa mara ya kwanza kabisa usizihesabu, hizo zilikuwa za kuweka alama tu.

Mfano:

- Tangi la kwanza: 118,240 hadi 118,652 = km 412, lita 31.7, sawa na 13.0 kwa lita.
- Tangi la pili: hadi 119,015 = km 363, lita 30.1, sawa na 12.1.
- Tangi la tatu: hadi 119,449 = km 434, lita 31.4, sawa na 13.8.

Jumla ni km 1,209 kwa lita 93.2, yaani 13.0 kwa lita. Hiyo ndiyo namba yako. Gawanya jumla kwa jumla, usichukue wastani wa majibu matatu.

Kwa nini matangi matatu? Pampu inaweza kujikata lita nzima mapema au baadaye kuliko ilivyojikata mara iliyopita. Ukipima kwa lita 10, lita moja ni kosa la asilimia 10, na hapo gari la kilomita 13 litaonekana la 14.4 au la 11.8. Kwa lita 93, kosa lilelile halifiki hata asilimia 1.1. Anayekuambia "niliweka lita tano ikatembea kilomita 90" hajapima kitu.

Anayetaka lita kwa kilomita 100, agawanye 100 kwa jibu lake: 13 kwa lita ni lita 7.7.

Hatua ya 6: Hakiki odometa

Kama matairi yamebadilishwa saizi, odometa inadanganya. Vitz iliyotoka kiwandani na 165/70R14 ikifungwa 185/65R15 kwa ajili ya kuinuka, kila mzunguko wa tairi unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 6 hivi. Odometa itaandika kilomita 94 pale ulipotembea 100, na gari litaonekana linakula kuliko ukweli. Wengi huinua gari, kisha wanalalamika mafuta, kumbe sehemu ya tatizo iko kwenye hesabu. (Sehemu nyingine ni ya kweli: tairi pana na zito linakula.)

Washa GPS, tembea angalau kilomita 20 barabara iliyonyooka, linganisha. GPS ikisema 20.0 na odometa 18.9, gawanya: 1.06. Zidisha kilomita zako zote kwa hiyo 1.06. Usilinganishe kwa mshale wa spidi, huo hutengenezwa usome juu kidogo kuliko mwendo halisi, na kuzidisha huko hakuihusu odometa.

Ile namba ya wastani wa ulaji inayoonekana kwenye dashibodi ya magari mapya kidogo nayo ilinganishe na hesabu yako. Mara nyingi inapendelea gari. Ukishajua inazidisha kwa kiasi gani, unaweza kuitumia kwa kufuatilia mabadiliko.

Hatua ya 7: Tenganisha mjini na safari, na safari iwe kwenda na kurudi

Kutoka Nairobi kwenda Mombasa unashuka takribani mita 1,700. Gari lolote litapendeza. Kurudi, kuinua gari la tani moja na abiria wake hadi Nairobi kunakula kama lita 2 zaidi ya zile ambazo lingekula njia tambarare. Ukiandika ya kwenda peke yake, utatangaza maajabu. Hali ni hiyohiyo kati ya Dar es Salaam na Iringa au Arusha, ila huko kwenda ndiko kupanda. Jaza unapoanzia, nenda, rudi, jaza palepale.

Hatua ya 8: Tafuta kinachovuta gari

Sasa una namba, anza na visivyo na gharama.

Tembea kama kilomita 10 barabara isiyo na foleni, ukikanyaga breki kidogo iwezekanavyo, kisha simama taratibu. Sogeza kiganja karibu na kila rimu. Rimu moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki ya hapo imekwama: pini za kalipa zimekauka grisi, pistoni ina kutu, au hendibreki haiachii. Usiguse diski, itakubabua. Kuhakikisha, piga jeki gurudumu hilo, gia ikiwa nyutro kwa yale ya mbele, magurudumu mengine yamewekewa mawe, kisha lizungushe kwa mkono. Kusugua kidogo ni kawaida. Kulazimika kutumia nguvu si kawaida.

Toa keria juu ya paa kama huitumii. Kwa spidi ya 80 na kuendelea, upepo ndio adui mkuu, na nguvu yake hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 100 ukinzani wa upepo unaongezeka kwa asilimia 56. Kigari chenye injini ya cc 1000 kinachokimbizwa 120 kinaweza kula kuliko cha cc 1500 kinachotembea 85.

Hatua ya 9: Angalia thamostati

Hili ndilo kosa la gereji linalomaliza mafuta mengi kimyakimya. Gari likichemka, fundi anang'oa thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), anasema "nchi yetu ya joto, haihitajiki". Kuchemka kunapungua, lakini tatizo halisi la rejeta au feni linabaki, na injini haifikii tena joto lake la kazi. Thamostati za Toyota hizi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Injini ikikaa 60 au 65, kompyuta ya injini inaamini bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada, safari nzima.

Vitz na Passo nyingi hazina geji ya joto, zina taa ndogo ya bluu. Ikiwaka unapowasha gari na kuzima baada ya dakika chache, sawa. Ikichelewa sana kuzima, au ikirudi kuwaka ukiwa barabara kuu, uliza gari lina thamostati. Mwenye ELM327 asome joto la maji moja kwa moja: 80 hadi 95 ni kuzuri. Chini ya 75 baada ya dakika 15 za kutembea, rudisha thamostati na utibu kilichosababisha kuchemka.

Hatua ya 10: Oili, plagi, chujio

Injini ndogo hizi zilitengenezwa kwa oili nyepesi, 0W-20 au 5W-30. Kumimina 20W-50 kwa sababu "gari limezeeka" ni kuifanya injini ya pistoni tatu isukume uji kila ikizunguka. Kama haitoi moshi wa bluu na hailambi oili, rudi kwenye daraja la kitabuni. 1KR-FE inachukua lita 3 hivi, jaza kwa kufuata kijiti, usizidishe.

Plagi za iridiamu hudumu karibu kilomita 100,000, za kawaida 20,000 hadi 40,000. Badilisha zote pamoja (tatu kwa 1KR-FE), na usinunue iridiamu ya bei ya chapati, hiyo ni bandia. Chujio la hewa lisafishe au libadilishe, ila usitegemee miujiza: kwenye injini za injekta, chujio chafu hupunguza nguvu kuliko linavyoongeza ulaji.

Giaboksi ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda na pulei badala ya gia) haiwekewi ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida. Kwa Toyota ni CVT Fluid TC au FE kulingana na mwaka. Oili isiyo yake huua mkanda na pulei, na hapo gharama itazidi mafuta ya mwaka mzima.

Hatua ya 11: Mguu wako

Tazama mbali, achia mafuta mapema. Ukiachia mafuta gari likiwa kwenye gia, injini ya injekta hukata petroli kabisa mpaka mzunguko ukaribie wa kusimama. Kwa hiyo kushuka mlima kwa nyutro hakuokoi kitu. Injini inakunywa ili isizime, breki zinapata moto, na gari halishikiki. Ni hatari, acha.

Foleni ya kusimama zaidi ya dakika moja, zima injini kama ni salama. Injini hizi zikisimama hunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, AC ikiwaka inaelekea upande wa juu. Mjini kwa mwendo mdogo, vioo vikishushwa vinaokoa. Ukivuka 80, pandisha vioo uwashe AC.

Sumaku za bomba la mafuta, vidonge vya tangi na vifaa vya kuchomeka soketi ya sigara vinavyodai kuokoa mafuta: acha pesa yako mfukoni. Ushauri wa kujaza alfajiri ili upate mafuta mengi nao hauna uzito. Petroli hutanuka kama asilimia 1 kwa kila nyuzi 10, na tangi la sheli liko chini ya ardhi ambako joto halipandi na kushuka hivyo kwa siku moja.

Ikikataa

*Ulaji umepanda ghafla, taa ya injini inawaka.* Soma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari kabla ya kununua chochote. Sensa ya oksijeni ikifa, kompyuta hupima kwa kubahatisha na huelekea kuzidisha.

*Hakuna taa, lakini kuna harufu ya petroli au eksozi ina masizi meusi makavu.* Kwenye ELM327 angalia marekebisho ya muda mrefu ya mafuta. Kati ya asilimia -10 na +10 ni sawa. Ikiwa -15 au chini, mafuta yanazidi: injekta inavuja, au sensa ya joto la maji inadanganya. Ikiwa +15 au juu, kuna hewa inayoingia kwa njia ya wizi, au sensa ya hewa imechafuka. Isafishe kwa dawa yake maalumu, usiiguse kwa kitambaa.

*Ulaji umepanda baada ya kubadilisha betri.* Kompyuta imesahau marekebisho yake. Tembea siku kadhaa, mjini na barabara kuu, ndipo upime upya. Kwa sababu hiyohiyo, usichomoe betri katikati ya kipimo.

*Gari linavuta upande na tairi linalika pembeni.* Alaimenti, pamoja na bushi za mbele. Rekebisha bushi kwanza, alaimenti baadaye, vinginevyo utalipia mara mbili.

*Kila kitu kizima, namba bado ndogo.* Angalia urefu wa safari zako. Anayetembea kilomita 3 kwenda kazini na 3 kurudi anaendesha injini baridi maisha yake yote, na 9 kwa lita hapo si ajabu. Kama safari ni ndefu, badilisha sheli kwa matangi matatu na ulinganishe. Tofauti ikizidi asilimia 5 na njia zako ni zilezile, peleka malalamiko na risiti zako Wakala wa Vipimo (kwa Tanzania).